Mizani ndogo ya jikoni: tathmini ya kifaa kilichotuliza bajeti yetu ya chakula

Kama fedha ya chakula nyumbani kwako siku hizi inakata kabla mwezi haujaisha, nunua mizani ya jikoni kabla ya kununua chombo kingine chochote. Najua si kifaa cha kumtoa mtu macho. Hakipiki, hakisagi, hakigandishi. Kinakwambia uzito, basi. Lakini kwetu ndicho kilichofanya matumizi ya chakula yaanze kutabirika, na hakuna aliyeondoka mezani na njaa kwa sababu yake.

Ninayoizungumzia ni ya kidijitali, bapa, ina uso wa chuma cha pua, inabeba hadi kilo 5, inasoma gramu moja moja na inatumia betri mbili za AAA. Sitaji chapa, kwa sababu mizani za daraja hili zinafanana mno na nitakayosema yanazihusu karibu zote. Sikupewa na muuzaji yeyote niisifie. Niliinunua kwa fedha ya matumizi ya nyumba. Tuko watu sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe wangu, na bajeti ya chakula naishika mimi.

Kwa nini mizani? Kwa sababu bei zenyewe hatuna uwezo nazo. Faharasa ya bei za vyakula ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inayolinganisha bei za soko la dunia na wastani wa miaka 2014 hadi 2016 unaohesabiwa kuwa 100, ilifika takriban 160 mwezi Machi 2022, muda mfupi baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, na ilikuwa haijawahi kufika hapo tangu takwimu zake zianze mwaka 1990. Mwaka uliofuata India ikazuia mchele wake mweupe usio basmati kuuzwa nje, na wakaumia hata watu ambao hawajawahi kula mchele wa India. Hayo yote yanaamuliwa mbali na jiko langu. Tangu mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel alikwisha kuonyesha kwamba kadiri kipato cha familia kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu yake inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa, kwa hiyo bei ikipanda wa kwanza kuumia wanajulikana. Kilichobaki mikononi mwangu ni mambo mawili: kujua nimenunua kiasi gani hasa, na kujua kiasi gani kinaingia sufuriani. Yote mawili ni uzito.

Nianze na kununua. Bei inaweza kupanda bila tarakimu ya bei kuguswa. Pakiti inabaki na rangi ile ile na picha ile ile, ila kilichomo kimepungua. Mwaka 2016 nchini Uingereza chokoleti ya Toblerone ilipunguzwa kutoka gramu 400 hadi 360, na ndogo yake kutoka 170 hadi 150, kwa kupanua nafasi kati ya vile vipande vyake vya pembetatu. Watu walikasirika kwa sababu pengo lilionekana kwa macho. Kwenye pakiti ya unga au ya majani ya chai pengo halionekani. Ufaransa jambo hili lilichosha watu hadi Septemba 2023 maduka ya Carrefour yakabandika matangazo kwenye rafu kuonyesha bidhaa zilizopunguzwa kimyakimya, na tangu Julai 1, 2024 sheria ya huko inayataka maduka makubwa yamtangazie mnunuzi bidhaa iliyopungua huku bei yake kwa kilo ikiwa imepanda. Sehemu nyingi duniani hakuna wa kukutangazia. Ndiyo maana nina daftari lenye bidhaa tunazonunua kila mwezi, uzito wake, na bei iliyogawanywa kwa gramu.

Utaniambia uzito umeandikwa kwenye pakiti, mizani ya nini? Kwa bidhaa za kiwandani uko sahihi kwa sehemu kubwa. Kwa vitu ambavyo muuzaji amevifunga mwenyewe, hapana. Sukari niliyokuwa nanunua ikiwa imeshafungwa kwenye mifuko ya kilo moja moja ilikuwa ikifika nyumbani inasoma gramu 930 hivi, tena na mfuko wake. Nikairudisha dukani kwa heshima: "Kaka, samahani, naomba unipimie hii tena." Akapima, tukatazama wote wawili, kisha akainama chini ya meza yake. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umezama na mizani yake imekaa upande. Akanijazia pale pale bila ubishi, akaweka kipande cha ubao chini ya mguu. Hakuwa mwizi. Lakini bila namba mkononi ningekuwa na manung'uniko tu, na yeye angekuwa na majibu ya kujitetea tu.

Ila usiende kugombana na mtu kwa gramu tano. OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, katika mapendekezo yake kuhusu bidhaa zilizofungashwa linavumilia pakiti moja moja ya kati ya gramu 500 na kilo 1 kupungua hadi gramu 15, mradi wastani wa shehena nzima usishuke chini ya uzito ulioandikwa. Na uzito unaoandikwa ni wa chakula chenyewe. Pima pakiti ikiwa nzima, ukishamimina pima mfuko mtupu, kisha toa.

Mizani ilirudisha fedha yake kwenye maharage. Kopo la maharage la gramu 400 ukilichuja linakupa gramu 240 hivi za maharage. Zilizobaki ni maji yenye chumvi. Makopo mengi yanaandika namba zote mbili, ila ile ya pili huwekwa pembeni kwa herufi ndogo. Upande wa pili, maharage makavu yakilowekwa na kupikwa huongezeka uzito kama mara mbili na nusu. Maana yake gramu 100 za maharage makavu zinakaribia kopo zima, na nusu kilo ni makopo matano. Fanya hesabu hiyo kwa bei za unakonunua, uone tofauti. Jambo lililokuwa likinirudisha kwenye makopo ni uvivu wa jioni, maana kopo unafungua tu. Sasa naloweka nusu kilo usiku, nachemsha asubuhi, nachuja, naweka bakuli juu ya mizani na kugawa gramu 240 kwenye kila chombo, kisha friza. Mapishi yakidai kopo moja, natoa chombo kimoja, hakuna kukisia. (Kwa wanaotumia maharage mekundu: yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu. Yaloweke angalau saa tano, mwaga maji yale, halafu yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi. Mimi huacha 30. Usiyaweke moja kwa moja kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole bila kuyachemsha kwanza.)

Hesabu ya namna hiyo inafaa popote ambapo unalipia kitu usichokila. Samaki wa kugandishwa huvikwa tabaka la barafu lisilompa mtu shibe. Myeyushe, mkaushe, mpime, ndipo ujue kilo yake ilikuwa na samaki kiasi gani. Ndizi mbivu karibu theluthi ya uzito wake ni ganda. Kuku mzima na minofu iliyokwisha chambuliwa usivilinganishe kwa bei ya kilo mpaka umepima mifupa iliyobaki, ingawa mifupa yenyewe nayo ni mchuzi wa kesho.

Mafuta ya kula nayo yana yake. Kuna yanayouzwa kwa lita na kuna yanayouzwa kwa kilo, na mtu huona kilo na lita ni kitu kimoja. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo ukilipa bei ile ile kwa kilo badala ya lita umepata karibu asilimia 9 zaidi. Na kwenye kupika, mizani ina kazi moja ninayoipenda kuliko zote: naweka chupa ya mafuta juu yake, nabonyeza kitufe cha sifuri, namimina sufuriani, narudisha chupa. Inasoma -28, yaani zimetoka gramu 28, ambazo ni vijiko viwili vya chakula. Hakuna kijiko cha kuosha wala mafuta yaliyobaki kwenye kijiko. Mkono uliozoea humimina mara mbili ya hapo bila mwenyewe kuhisi, na vitunguu haviwi vitamu zaidi.

Sasa mchele, ambao ndio uliotufumbua macho. Wali kwetu anapika mama mkwe, na anapima kwa kikombe chake ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Vikombe vinne kwa watu sita. Jioni moja nikamwomba: "Mama, naomba niupime kabla hujauosha." Akanisogezea sinia: "Pima, mwanangu, lakini usije ukatunyima." Zilikuwa gramu 740. Vitabu vingi vya mapishi huhesabu kama gramu 75 za mchele mkavu kwa mtu mzima, yaani 450 kwa sita. Sikutaka kushuka mpaka huko, maana watoto wangu wanakua na mmoja wao anakula kama baba yake. Nikapima wali uliobaki sufuriani baada ya kila mtu kushiba, siku hiyo na siku kadhaa zilizofuata. Mchele ukiiva unakuwa na uzito wa mara mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo unaweza kurudi nyuma na kujua ni mchele mkavu kiasi gani ulipikwa bure. Ikatoka vikombe vitatu, gramu 560 hivi, na watu wanashiba na tonge linabaki. Kila tukipika mara tatu kwa kipimo hicho, tumebakiza karibu mchele wa kupika mara ya nne.

Mama mkwe mizani hajaipenda hadi leo, na simlaumu. Anachofanya sasa ni kujaza vikombe vitatu badala ya vinne. Hapo ndipo nilipoona uzuri wa kifaa hiki: si lazima kila mtu akitumie, wala si lazima kitumike kila siku. Unapima mpaka ujue, kisha unarudi kwenye kikombe chako ukiwa na uhakika. Na kwenye chumvi na viungo jicho lake linaishinda mizani hii kabisa, kwa sababu za kiufundi nitakazozisema.

Kingine nilichokifanya ni kupima tunachotupa. Ripoti ya mwaka 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, maganda na mifupa ikiwamo, na asilimia 60 ilitoka majumbani, wastani wa kilo 79 kwa mtu kwa mwaka. Hiyo ni kilo moja na nusu kwa wiki kwa kila mtu. Nikaweka ndoo mbili jikoni, moja ya maganda na mifupa, nyingine ya kilichokuwa kinalika, na kila usiku napima ile ya pili. Nilidhani mboga zilizonyauka ndizo zingeongoza, maana ndizo zinazoniuma nikizitupa. Kilichoongoza ni mkate: vipande vya mwisho wa mkate ambavyo kila mtu anaviruka, na nusu mkate uliokauka. Siku hizi mkate ukiingia ndani nusu yake inakatwa na kwenda friza, na vile vya mwisho vinasagwa kuwa chenga za kupakia vitu vya kukaanga. Ndoo ya pili imekuwa nyepesi kiasi kwamba binti yangu mkubwa, aliyepewa kazi ya kuandika namba, amelalamika hana cha kuandika.

Kuoka mkate nyumbani nako kunakuwa rahisi, sitalieleza kwa kirefu: unga gramu 500, maji 325, chumvi 10, hamira kavu 7, vyote kwenye bakuli moja, ukibonyeza sifuri kati ya kimoja na kingine. Unga kwa kikombe haupimiki. Kikombe kile kile kinaweza kubeba gramu 120 au 150 kulingana na ulivyoushindilia.

Je, inasema kweli? Yangu inasema. Njia rahisi ya kuikagua ni sarafu, kwa sababu uzito wa sarafu hutangazwa rasmi: sarafu ya euro 1 ni gramu 7.5, ile ya senti 5 ya Marekani ni gramu 5. Tafuta uzito rasmi wa sarafu unazotumia, panga ishirini, uone. Ndani ya mizani kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kikibebeshwa mzigo, na kihisi kilichobandikwa juu yake hugeuza mpindo huo kuwa namba. Kwa sababu hiyo, mambo matatu. Iweke mahali tambarare na pagumu, si juu ya kitambaa. Usiifanye rafu ya kuwekea sufuria, maana chuma kikielemewa muda mrefu usomaji wake unaweza kupotoka. Na ujue kwamba nguvu ya mvutano wa dunia ni pungufu kwa kama nusu asilimia kwenye ikweta kuliko kwenye ncha za dunia, hivyo mizani iliyorekebishwa kiwandani mbali na unapoishi inaweza kutofautiana na ukweli kwa gramu chache kwenye kilo nzima. Kwa kupika haina neno. Kwa kumshtaki muuzaji ina neno.

Kasoro zipo, na mbili zinaudhi kweli. Ya kwanza, inajizima baada ya dakika mbili. Uko katikati ya kuchambua mboga, umeshaweka bakuli na kubonyeza sifuri, unageuka kumjibu mtoto, ukirudi kioo ni cheusi na ile sifuri imepotea. Wengi wa watengenezaji hawaandiki kwenye boksi muda wa kujizima, na nadhani wanapaswa kuandika. Ya pili, bakuli pana linafunika namba zote, ikabidi niwe napandisha kopo tupu chini ya bakuli ili nione. Kuna mizani ambazo kioo chake kinachomoka mbele. Kama ningenunua leo ningechukua ya namna hiyo. Vitufe vya kugusa navyo vinajibonyeza vyenyewe vidole vikiwa na maji, hivyo tafuta vya kubonyeza vya kawaida.

Na vitu vidogo haiviwezi. Ukidondosha gramu mbili za hamira polepole, inaweza isione kitu kabisa, kwa sababu namba hubadilika kwa gramu nzima na mizani nyingi huchukulia ongezeko dogo la polepole kuwa ni mtetemo. Kwa viungo na hamira kidogo unahitaji ile ndogo ya mfukoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, au kijiko chako cha siku zote. Hapo ndipo mama mkwe anaposhinda.

Kuhusu betri sina mzaha. Mizani nyingi za bei ya chini hutumia betri bapa za duara kama kitufe, zile za CR2032. Mtoto mdogo akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isinunue mizani hiyo kama mfuniko wa betri haufungwi kwa skrubu. Za AAA ni nzito kidogo na zinapatikana kila mahali, na yangu imekaa nazo muda mrefu bila kubadilishwa.

Jambo moja nimelikataza nyumbani kwangu: mizani inaishia kwenye sufuria. Sahani ya mtoto haipandi juu yake. Tulianza kupima ili fedha itoshe kila mtu ashibe, na mtoto akishaona kila tonge lake lina namba, utakuwa umeokoa mchele na kuharibu kitu kikubwa zaidi. Kama ndani ya nyumba kuna mtu anayehangaika na ulaji, anayejihesabia kila anachokula, nakuomba uifiche kabatini au usiilete kabisa. Bajeti haina thamani hiyo.

Ukienda kununua, usidanganywe na zinazounganishwa na simu. Nimeazima moja kwa jirani, na nilichopata ni programu inayotaka nijisajili kabla ya kupima kitunguu. Uwezo wa kilo 5 unatosha familia kubwa. Wa kilo 3 utakusumbua siku utakapoweka sufuria tupu ya chuma, kwani yenyewe peke yake inaweza kula kilo mbili. Anayeishi peke yake na anakula nje siku nyingi haitamfaa sana, ataitumia mara chache na kuisahau. Mkiwa wengi na mnapika kila siku, chukua ya kilo 5, betri za AAA, kioo kinachochomoka, na wiki ya kwanza pima mchele na mkate kabla ya kuhangaika na kitu kingine.